Vibwebwe Kumi na Nane

Siku niliyokabidhi funguo za stoo, Grace, ambaye sasa ndiye mtunza mavazi, aliniuliza swali moja tu. Alitaka kujua kwa nini kitambaa chenye picha ya mtu tunakipiga pasi upande wa ndani. Nilimjibu kwamba ni desturi ya hapa. Jibu hilo halikumtosha, nilimwona, na kusema kweli hata mimi halinitoshi. Kwa hiyo naandika, ili yeye na wenzake wa kikundi wajue desturi hiyo imetoka wapi na iligharimu nini. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vilikuwa viwili, na mishahara mnaijua.

Nilianza kazi katikati ya miaka ya themanini, kijana wa miaka ishirini na moja, nimeshuka kutoka Kilimanjaro na cheti cha ushonaji cha shule ya ufundi ya misheni, pamoja na koti moja zito ambalo Dar es Salaam halina kazi. Kikundi chetu cha ngoma, ambacho sitakitaja jina kwa sababu walio hai wanapenda kuandika barua za malalamiko, kilikuwa na ukumbi wa mabati Temeke, stoo moja, cherehani mbili za kukanyaga, na wachezaji na wapigaji thelathini na kitu. Siku zile siasa haikusomwa gazetini tu, ilivaliwa. Kiongozi ulimjua kwa suti ya mikono mifupi yenye mifuko minne, na mama wa mtaa ulimjua kwa kanga ya sherehe. Sisi kazi yetu ilikuwa kuivalisha na kuichezesha. Mgeni akija, tunacheza. Mei Mosi, tunacheza. Kiwanda kikifunguliwa tunacheza, na kilipofungwa hakuna aliyetuita.

Mtunza mavazi alikuwa Bi Mwanahawa binti Saidi, mwenyeji wa Temeke, mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, anayevaa miwani iliyofungwa kwa uzi mweusi. Nilimkuta amepiga magoti anahesabu njuga.

"Shikamoo, mama," nilimwamkia.

"Marahaba. Ndiye fundi mwenyewe?"

"Ndiyo, mama."

"Mama yako yuko kwenu. Mie niite Bi Mwanahawa. Umetoka wapi?"

"Kilimanjaro."

"Ehe. Basi joto utaliona. Vua hilo koti, ukanawe mikono, kisha ndiyo uingie."

Kunawa mikono lilikuwa somo la kwanza. Hakuna aliyegusa nguo ya jukwaani na mikono ya barabarani, awe fundi au mwenyekiti. Wiki ile nikajifunza na mengine. Chaki ilikuwa haipatikani, hivyo tuliweka alama kwa kipande cha sabuni kilichokauka, kikichongwa kama kucha. Kati ya nguo tulipanga majani ya mwarobaini ili wadudu wasile. Nguo iliyochezewa ilianikwa kivulini, ndani nje, kabla jasho halijalala. Pasi ilikuwa ya mkaa, na aliyeijaza mkaa ndiye aliyeitoa majivu, bila kutumana. Mimi nilikuwa na cheti na yeye hakuwa nacho, lakini katika siku nne niliacha kukitaja.

Somo la picha alinifundisha siku alipofunua jora la kitenge kilichochapwa uso wa kiongozi, mduara mmoja kila baada ya shibiri tatu.

"Uso wa mtu haukatwi," alisema. "Haukunjwi shingoni, pasi haiukanyagi, inapita upande wa ndani, na haushuki chini ya kifua. Ukikata blauzi, uso ukae kifuani au mgongoni juu. Sketi unaitafutia penye maua matupu."

"Kitambaa kitapotea kingi."

"Kipotee. Kitambaa kikipotea watanung'unika. Uso ukikaa pabaya, utapotea wewe."

Alivitazama vitenge vile bila mapenzi. Ujanani, wakati wa kudai uhuru, alikuwa mchezaji wa ngoma ya akina mama wa mtaa wao. Wanawake wale walikuwa wakivaa sare moja, gauni jeupe na kanga ya rangi moja, na kwa kuwa askari wa mkoloni waliona ni wanawake wanakwenda kucheza tu, hawakuwapekua. Alinihadithia jinsi alivyobeba kadi za uanachama ndani ya mikunjo ya nguo, mtaa hadi mtaa, akiimba. Nikamuuliza sare yao ilikuwa na picha ya nani.

"Ya nani? Sie nguo zetu hazikuwaga na uso wa mtu," alisema. "Nyuso tulikuwa nazo wenyewe."

Alisema hivyo huku ameshika pini mdomoni, wala hakukusudia kutoa msemo. Alikuwa na hadithi nyingine ya miaka iliyofuata uhuru, vijana wa itikadi walipokuwa wakiwapima watu suruali mtaani kwa chupa ya soda. Chupa isipopita ndani ya mguu wa suruali, suruali hiyo ni ya kibeberu na mwenyewe ana kesi. Bi Mwanahawa alishinda Jumapili nzima anaachia mishono ya suruali za vijana wa jirani. Mwezi uliofuata walewale wakaja wamwombe azibane tena. "Siasa inapita, mie nabaki na kufumua," alisema.

Mwezi wangu wa pili kazini, nikiwa bado kwenye majaribio, ikaja habari ya mgeni mkubwa, kiongozi wa wapigania uhuru kutoka kusini. Kikundi chetu kilipangiwa kumpokea uwanjani Jumamosi kwa mdundiko. Na Jumapili yake kulikuwa na jambo lingine, ambalo kwa Bi Mwanahawa lilikuwa kubwa kuliko mgeni. Wanawake waliocheza ngoma za kudai uhuru wangetambulishwa kwa mgeni huyo, majina yao yangeandikwa kwenye orodha ya wazee wa heshima, na kuanzia siku hiyo wangeketi mstari wa mbele kila sherehe, majina yakisomwa. Walikuwa sita. Bi Mwanahawa alikuwa wa sita.

Sikuwahi kumwona akijishonea kitu mpaka wiki ile. Alijishonea gauni jeupe kama la zamani, kola ya duara, akalifumua bega mara mbili kwa sababu ya mkunjo ambao mimi sikuuona. Zainabu, kiongozi wa wachezaji, alimtania.

"Bi Mwanahawa, unaolewa?"

"Ningeolewa nisingehangaika hivi," alijibu. "Miaka yote nimesimama mlangoni kuwafunga watu vifungo. Safari hii nami nitakaa wanione."

Jumatano asubuhi kitambaa cha mgeni kikaletwa, uso wake mkubwa ndani ya duara la majani, na jora lilikuwa pungufu. Jumatano hiyohiyo mchana Bi Mwanahawa akaletewa habari kwamba kaka yake amefariki Kigamboni. Alijitanda kanga, akachukua kikapu, akasimama mlangoni.

"Usikate mpaka nirudi," aliniambia. "Tutakata Ijumaa, tutashona usiku na mchana."

Nilisema sawa. Alhamisi akaja afisa utamaduni aliyetusimamia, Bwana Mashaka, mtu wa suti ya mifuko minne na kalamu katika kila mfuko.

"Kwa nini cherehani zimelala?"

"Bi Mwanahawa yuko msibani, mkuu. Amesema tusubiri."

"Mgeni naye asubiri? Wewe si fundi? Una cheti?"

Alinigusa penyewe. Nilimwambia ninacho, nikatandika kitambaa.

Nataka mjue kwamba sikuwa mzembe. Blauzi kumi na nane nilizikata kama nilivyofundishwa, kila uso kifuani, umenyooka. Sketi nilizitafutia maua matupu, mpaka yakaisha. Yalibaki maelezo ya mwisho kwenye karatasi ya Bi Mwanahawa: vibwebwe kumi na nane. Mezani zilibaki pande ndefu zenye nyuso. Kwetu milimani ngoma niliyoijua ilikuwa ya kurukaruka, na mazoezi ya hapa nilikuwa nayasikia tu kutoka stoo, wachezaji wakiwa na nguo zao za nyumbani. Kibwebwe nilikidhani ni mshipi. Nikazikunja zile pande mara nne, nyuso zote ndani, nikakandamiza kwa pasi mpaka zikawa nyembamba kama mkanda wa suruali. Kuzishonea mikunjo sikuweza, uzi ulikuwa umebaki kidogo na blauzi zilikuwa hazijapindwa. Nilizipanga kwenye mfuko, nikazitazama, nikajipongeza. Hakuna uso uliokatwa, hakuna uso ulioonekana.

Grace ameshacheka hapo, najua. Mchezaji wa mdundiko hafungi kibwebwe kama mkanda. Anakikunjua kiwe kipana, anakizungusha, anakikaza juu ya makalio, kwa sababu kazi yake ni kuonyesha mtikisiko. Kila mtoto wa Temeke analijua hilo. Nililijua mimi Jumamosi, saa nne asubuhi, nikiwa nimesimama nyuma ya kamba uwanjani.

Wasichana walikuwa wamevifunga haraka, wakiwa wamesimama nje kwenye jua, kila mmoja akimkazia mwenzake, na ngoma zilikuwa zimeshaanza. Hakuna aliyepata nafasi ya kukagua mgongo wake mwenyewe. Waliingia wakimtazama mgeni, na mbele kila kitu kilikuwa sawa. Waliimba karibu mgeni wetu, nyumba hii ni yako, wimbo ambao tulikuwa nao siku zote na tulibadilisha jina la nchi tu. Kisha mpigaji akakata mdundo, wasichana kumi na nane wakageuka kwa pamoja, wakainama kidogo, wakaanza kutikisa. Nyuso kumi na nane za mgeni zilimtazama mwenyewe kutoka mahali pale, zikicheka na kununa kwa kufuata ngoma.

Mgeni alipiga makofi. Nasema nilichokiona. Alimwinamia aliyekuwa jirani yake, akamwambia kitu, akacheka mpaka akafuta macho. Ila jirani yake hakucheka, na nyuma ya jirani yake Bwana Mashaka alikuwa amegeuka rangi.

Alitufuata kwenye hema la kubadilishia nguo. Bi Mwanahawa alikuwa ndiyo kwanza anafika kutoka msibani, maana Ijumaa ndugu hawakumwachia aondoke, na kanga yake ya msiba bado kichwani, hajui kilichotokea. Bwana Mashaka alikuwa ameshika kibwebwe kimoja kwa ncha za vidole, kimefunguka chote.

"Nani amekata hiki?"

"Sie tumefunga tulivyopewa," alisema Zainabu.

"Nimeuliza nani amekata! Mnajua hii inaitwaje? Kumdhalilisha mgeni wa taifa! Huyu mtu leo analala ndani!"

Nilifungua mdomo. Sijui kama mmewahi kufungua mdomo na kukuta hamna kitu. Bi Mwanahawa alikitazama kile kitambaa, akaitazama ile mikunjo ya pasi, kisha akanitazama mimi, na nilijua amesoma kila kitu tangu Alhamisi hadi pale.

"Stoo ni ya nani?" aliuliza.

"Ya kwako," alisema Bwana Mashaka.

"Sasa unauliza nini?"

Tangu siku hiyo nimeyarudia maneno yale mara nyingi. Hakusema uongo hata kidogo. Afisa alijibiwa kwa jibu lake mwenyewe, akafoka robo saa, na mimi nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka hapo nimeshika kopo la pini. Niliogopa. Sina neno jingine la kulipamba.

Tulipokuwa tunafunga mizigo nilimuuliza kwa nini.

"Uko kwenye majaribio, na mjini hapa huna hata shangazi," alisema. "Wakikuweka ndani nani atakuletea chakula? Mie ni mtu mzima, watanifokea yaishe."

Hayakuisha. Jumapili asubuhi, wale wanawake sita walikuja stoo kuvaa. Gauni la Bi Mwanahawa lilikuwa limening'inia mlangoni, limenyooshwa. Bwana Mashaka akaja na karatasi.

"Bi Mwanahawa, jina lako limesubirishwa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka utakapoambiwa."

Mwenzake mmoja alisema basi na yeye haendi, Bi Mwanahawa akamwambia asilete utoto. Alilitungua lile gauni, akalikunja, akaliweka chini kabisa kwenye sanduku. Kisha akaja kwangu, akachota pini kwenye kopo nililoshika, akaanza kuwavalisha wale watano, mmoja mmoja, akiwaweka kanga sawa mabegani. Nilijua kabisa kwamba nikisema maneno mawili tu, "nimekata mimi," gauni lile litatoka sandukuni. Sikusema, na wakaondoka watano.

Mtaniuliza mbona sikusema kesho yake. Mwaka wa kwanza niliogopa. Mwaka wa pili majaribio yalikuwa yamekwisha na nilichokuwa nacho ni aibu ya kuchelewa. Baada ya hapo kuchelewa kwenyewe kukawa sababu. Bwana Mashaka alihamishwa, akaja mwingine ambaye hakujua kuna jina lililosubirishwa. Kila sherehe wale wanawake waliketi mbele, majina matano yakasomwa, na Bi Mwanahawa alisimama karibu na mlango wa hema na uzi na sindano, kwa kuwa daima kuna kifungo kinachokatika. Kwangu hakubadilika. Alinifundisha kukata kanzu, kushona taji za manyoya, kufufua ngozi ya ngoma iliyolegea kwa moto wa makuti. Ukarimu wake ulinirahisishia kunyamaza, na hilo ndilo ninalojilaumu kuliko kile kitambaa.

Alistaafu vyama vingi vilipoanza. Alisema ameondoka wakati mzuri. Kabla ya hapo tulikuwa na rangi moja ya kuogopa kuikosea, sasa zikawa nyingi. Niliwahi kushona sketi za bluu kwa ajili ya ngoma ya wavuvi, watu watatu wakaja stoo kwa nyakati tofauti kuniuliza nimehamia upande gani. Nilibadilisha bahari ikawa ya kahawia. Kisha zikaja fulana za kampeni, ambazo hazina fundi wala adabu. Uso unakaa tumboni, na mvaaji akishiba mgombea ananenepa. Wasichana wangu walicheza singeli mbele ya majukwaa wamevaa nyuso za watu ambao hawakuwajua, wakazikata mikono na shingo kwa mkasi ili wapate hewa, na hakuna aliyelala ndani. Nilifurahi, na papo hapo nilimkumbuka aliyelipia vibwebwe kumi na nane vilivyokaa nje robo saa.

Mwaka wangu wa mwisho kazini nilikwenda kwa afisa wetu wa sasa, Neema, binti ambaye ni mdogo kuliko mwanangu wa pili.

"Babu Anselm, hii ishu ni ya lini?" aliuliza.

"Kabla hujazaliwa."

"Sasa nani atathibitisha?"

"Mimi. Mimi ndiye niliyekata."

Alinitaka niandike barua. Niliandika tatu. Ya kwanza ilieleza uhaba wa uzi, ya pili ilieleza ujana wangu, nikazichana. Ya tatu ilikuwa na mistari minne. Neema aliisoma, akaipeleka kwa wakubwa zake. Baada ya wiki kadhaa akaniambia wamekubali, jina litaongezwa, nimpelekee mwenyewe mwaliko.

Bi Mwanahawa sasa anaishi Kigamboni kwa mjukuu wake. Nilivuka kwa pantoni na mwaliko mfukoni na maneno ya kuomba radhi ambayo nilikuwa nimeyapanga tangu Temeke. Macho yake yamepungua nguvu, masikio hayana shida.

"Shikamoo, Bi Mwanahawa."

"Marahaba. Huyo Anselm. Unanuka mkaa mpaka leo."

"Tumeacha mkaa siku nyingi. Nimekuja kukuomba radhi, kwa vile vibwebwe. Nilikata mimi, ukabeba wewe."

Alicheka, lakini si kwa furaha.

"Unanieleza mie? Mie nilikuwepo. Kawaeleze wasiokuwepo."

"Nimeandika barua."

"Barua imesomwa na watu wangapi?"

Nilihesabu. Watatu, labda wanne.

"Siku ile tulikuwa wangapi hemani?" aliuliza.

Hakungoja jibu. Mwaliko alimpa mjukuu wake amsomee, mara mbili. Akauliza sherehe ni siku gani, akasema atakuja kama goti litakubali. Kisha akaniuliza kama nimeshakula.

Siku ya sherehe goti lilikubali. Alikuja amevaa gauni jeupe, si lile, lile liliwahi kukatwa kuwa nguo za mtoto, akasema hakutaka liliwe bure na mende. Nilimwongoza hadi mstari wa mbele. Walikuwa wameweka viti sita, vimevishwa vitambaa. Vitano vilikuwa vitupu.

Nilidhani tumewahi, maana kwa miaka mingi sherehe nilikuwa nikiwaachia vijana, mimi nikibaki stoo. Kumbe msema-chochote, yaani MC wa sherehe, alishika karatasi akaanza kusoma majina ya wazee wa heshima, na hapo ndipo mimi na Neema tulipoelewa kwamba orodha ile ilikuwa ikinakiliwa mwaka hadi mwaka bila mtu kuuliza. Alisoma jina la kwanza, akangoja asimame mtu. Akasoma la pili. La tatu. Watu walianza kugeuza shingo. Yule wa mwisho kati yao, tuliambiwa baadaye, alikuwa amezikwa kabla ya Ramadhani iliyopita. Jina la sita lilikuwa limeandikwa chini kwa kalamu.

"Mwanahawa binti Saidi."

Aliinua mkono, na uwanja ukapiga makofi.

Neema alinipa kipaza sauti kama tulivyokubaliana. Nilisema jina langu, nikasema mgeni mkubwa aliwahi kuja, nikasema vibwebwe kumi na nane vyenye uso wake nilivikata mimi, na mama huyu akaadhibiwa kwa ajili yangu. Nilipofika kwenye vibwebwe vijana waliangua kicheko. Msema-chochote naye alicheka, akanipigapiga begani, akasema wazee wana vituko. Niliendelea mpaka mwisho, lakini sidhani kama walisikia zaidi ya hapo. Siwalaumu. Kinachekesha, hata mimi nimewahi kukicheka, nikiwa peke yangu.

Nilirudi kwa Bi Mwanahawa. Yeye hakuwa amecheka. Alikuwa amenyoosha mkono anapapasa kiti cha jirani yake, kitambaa chake, ukingo wake.

"Hapa alikuwa akikaa Siwema," alisema. "Pale Mwajuma, halafu binti Mfaume. Nilikuwa nawaona kutoka mlangoni. Siwema alikuwa hanyamazi, sherehe nzima anamsemesha Mwajuma, nami nilikuwa najiuliza wanasema nini."

"Nisamehe," nilisema.

"Nilikusamehe palepale hemani. Hilo halikuwa kazi." Alivuta pumzi. "Ungesema hata mwaka mmoja kabla Siwema hajaondoka, Anselm. Mwaka mmoja tu."

Ngoma zilikuwa zinaanza, na wachezaji wetu walikuwa wanaingia.

"Kaa," aliniambia, akipiga kile kiti kwa kiganja.

"Si changu, Bi Mwanahawa."

"Ndiyo, si chako. Kaa hivyohivyo, uniambie wamevaa nini."

Nikakaa, nikaanza kumweleza.